Pa Kukaa Kwanza, Ziwa Baadaye

Familia ikitaka kumtoa bibi au babu matembezini hapa Mwanza, kwa kawaida huuliza mambo mawili: twende wapi, na ni mbali kiasi gani? Katika kazi yangu ya fiziotherapia nimeona swali hilo la pili likiwapotosha wengi. Umbali haumchoshi sana mzee aliyekaa vizuri garini. Kinachomchosha ni kuinuka na kukaa, kupanda na kushuka, na kusimama akisubiri. Mzee mwenye magoti mabovu anaweza kwenda Magu na kurudi salama, kisha nguvu zikamwishia kwenye ngazi za duka la mtaa wa pili.

Mji wetu nao umejengwa juu ya mawe. Igogo, Mabatini, Isamilo na mitaa inayouzunguka mlima wa Bugando imepanda miinuko, na nyumba nyingi za huko hufikiwa kwa vijia vya miguu tu. Kwa mzee anayeishi juu, sehemu ngumu kuliko zote ni kutoka mlangoni kwake hadi barabarani. Wapo wazee wanaoliona ziwa kila siku kwa mbali lakini hawajalisogelea kwa miaka, na kinachowazuia ni kile kijia. Kwa hiyo mpango wa siku uanzie hapo. Kipiteni kwanza ninyi wenyewe, mtazame mahali pa kushika, na jiwe au kibaraza cha kupumzikia katikati.

Kushuka huumiza goti kuliko kupanda, na ndiko wazee wengi wanakoanguka. Akipanda, mguu mzima utangulie. Akishuka, utangulie ule unaouma. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huishika upande wa maumivu, na hapo haisaidii inavyopaswa. Anayemsindikiza awe upande wa chini daima: nyuma yake anapopanda, mbele yake anaposhuka. Wala asimvute mkono. Amtolee mkono wake uliokaza, mzee aushike mwenyewe, kwa sababu anayevutwa hupoteza mizani.

Ukifika barabarani, iache daladala ipite. Hiace ina kidaraja cha juu, mlango mfupi unaomlazimu mtu kuinama, na konda mwenye haraka zake. Bajaji ina sakafu ya chini na husogea hadi karibu na mlango. Inatikisa, lakini kwa safari fupi za mjini naipendelea. Mchukueni dereva mmoja mnayemfahamu, mkubaliane naye kwa siku nzima, ili mzee asisimame juani mkitafuta usafiri wa kurudi. Gari dogo nalo ni zuri kwa safari ndefu, ila siti zake ziko chini. Weka mto mgumu au khanga zilizokunjwa. Mzee aipe siti mgongo, akae kwanza, ndipo aingize miguu yote miwili. Wakati wa kushuka afanye kinyume chake.

Sasa kiti. Hili ndilo jambo ambalo familia hulichunguza mwisho, na mimi ningetaka litangulie. Kiti kinachomfaa mzee kina urefu wa sentimita 45 hivi kutoka chini, kina mgongo, na kina mikono ya kujisukumia anapoinuka. Makochi laini ya hotelini na viti vya kulalia vya ufukweni huvutia macho, lakini magoti yakiwa juu kuliko nyonga, mzee hataweza kuinuka bila watu wawili kumnyanyua, na kunyanyuliwa mbele za watu humvunjia mtu heshima yake. Kiti cha kawaida cha plastiki chenye mikono, kikiwa hakijapasuka na kimewekwa mahali pa tambarare, kinazidi kochi la bei kubwa. Kabla ya kusimama, asogee ukingoni mwa kiti, achezeshe vifundo vya miguu, avute pumzi chache, ndipo ainuke. Wanaotumia dawa za presha wafanye hivyo bila kukosa, maana presha hushuka ghafla mtu anaposimama na kizunguzungu hufuata.

Choo nacho kikaguliwe siku moja kabla. Nenda mwenyewe, ufungue mlango. Je, ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Kuna maji? Sakafu inateleza? Kuna ngazi mlangoni? Mzee asiye na uhakika wa choo huacha kunywa maji tangu usiku. Na kwa kuwa hisia ya kiu hupungua umri unapoongezeka, hatatambua kuwa anakaukiwa mpaka aanze kulegea au kuchanganyikiwa maneno. Anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo aongee na daktari wake mapema kuhusu saa ya kuzinywa siku hiyo. Asiache kuzinywa kwa uamuzi wake. Mwenye kisukari naye ale kwa saa zake, hata kama wengine bado wanapiga picha.

Haya si mambo ya Mwanza peke yake. Shirika la Afya Duniani lilipochapisha mwaka 2007 mwongozo wake wa miji rafiki kwa wazee, baada ya kuwasikiliza watu katika miji 33, Nairobi ikiwemo, pa kukaa na vyoo vya umma vilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyataja.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze pa kwenda, na anayepaswa kuulizwa ni mzee mwenyewe. Vijana wengi hudhani jibu ni ufukwe. Mzee aliyelima pamba anaweza kutaka kupita kwenye majengo ya Nyanza, chama kikuu cha ushirika kilichorithi kazi iliyoanzishwa na akina Paul Bomani miaka ya 1950. Aliyefanya kazi reli atataka kuiona stesheni. Mwingine atataka kufika Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa katika ajali ya MV Bukoba, 21 Mei 1996. Mpelekeni. Na kama mna wazo la safari ya majini, muulizeni mapema na kwa faragha. Kuna watu wa umri huo ambao tangu mwaka ule hawajapanda chombo chochote cha majini, na hawapaswi kubembelezwa hata kidogo.

Kwa anayependa maji, Kisiwa cha Saanane kiko karibu mno na mjini. Wazee waliosoma Mwanza miaka ya 1960 na 1970 wanakikumbuka kama bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, na inabeba jina la Mzee Saanane, mvuvi aliyekuwa mwenyeji wa kisiwa hicho. Boti huchukua dakika chache tu. Hatua ngumu ni ile ya kutoka gatini kuingia botini, kwa hiyo waambieni wahudumu mapema wawepo wawili, na jaketi okozi livaliwe mzee akiwa bado nchi kavu. Njia za kisiwani ni za mawe. Msimpandishe kileleni. Mtafutieni kiti chini ya mti karibu na maji, pimbi watakuja wenyewe juu ya majabali, na vijana wanaotaka kupanda wapande kwa zamu huku mmoja akibaki naye.

Kwa asiyetaka boti, napendekeza Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Kwa mwenye miguu dhaifu, kilomita 3 hizo zimebadilisha mengi. Enzi za kivuko, abiria alishuka garini, akasubiri, akatembea kuingia chomboni, akatembea tena kutoka. Leo anavuka ghuba nzima akiwa kwenye siti yake, ziwa likiwa pande zote mbili za dirisha. Pitieni Usagara, mvuke taratibu, mgeuze ng'ambo, mrudi mpate chakula cha mchana.

Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaasisi Padre David Clement, ni mahali ninapopapenda sana kwa wazee, kwa sababu huko wao ndio wanaoeleza na wajukuu wanasikiliza. Ngoma, vyombo na vitu vya watemi huwatoa habari ambazo nyumbani hazijawahi kusemwa. Eneo lina mawe na miinuko, hivyo chagueni banda moja au mawili tu. Juni, wakati wa sherehe za Bulabo, kuna mashindano ya vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu na umati mkubwa; nendeni mapema mpate kivuli na kiti cha pembeni.

Sehemu moja kwa siku inatosha. Kutoka saa tatu asubuhi, kurudi saa nane mchana. Ziwa kwa kawaida hutulia zaidi asubuhi kuliko alasiri, upepo unapoamka. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu. Nyakati za mvua, radi za ziwani hupenda kupiga usiku na alfajiri, basi sikilizeni utabiri kabla ya kuondoka. Mzee asichovye miguu kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hata akisema alizoea tangu utotoni. Konokono wa kichocho wanaishi humo. Chakula kiwe laini: mchemsho wa sato ni mzuri, lakini mtu mwenye macho mazima atoe miiba kwanza.

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayotaka majengo ya umma yafikike. Kwa madiwani wa Nyamagana na Ilemela ombi langu ni dogo na halihitaji mfadhili: kando ya barabara za ufukweni, kuanzia Kamanga hadi Capri Point, wekeni mabenchi yenye mgongo na mikono, yakaribiane kiasi cha mzee kutoka moja hadi jingine bila kuhema, na choo kimoja cha kukaa chenye vishikio, maji, na mtu wa kukisafisha kila siku.