Mudiri akinyamaza, mhandisi afanyeje?

Sisi tunaofanya kazi za uhandisi hapa Doha tunalijua vizuri jibu hili: "Inshaallah, tutaangalia." Wiki inapita, mwezi unapita, na wala hakuna anayeangalia.

Mimi ni mhandisi wa mitambo ya majengo: viyoyozi, mabomba, pampu za zimamoto. Kuna kampuni niliyofanya kazi ambako ripoti ya kila wiki lazima iseme mambo yako sawa. Valvu zilizofeli jaribio zikisogezwa wiki ijayo, kisha wiki nyengine, mpaka zikapotea kwenye orodha. Vijana wakiogopa kusema, maana anayesema ndiye anayelaumiwa. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mambo haya si ya kuyafanyia mzaha. Moto wa Villaggio wa tarehe 28 Mei 2012 uliua watu 19, kati yao watoto 13. Kamati ya uchunguzi ilisema wahusika hawakufuata masharti ya usalama.

Nikasema kwenye vikao viwili: kimya. Nikamwandikia mudiri barua pepe: kimya. Ndipo nikaandika ukurasa mmoja tu. Valvu zipi, ghorofa ipi, zilifeli tarehe gani, nani alikuwepo. Kuzibadilisha leo ni riyali ngapi, na dari ikishafungwa ni ngapi. Chini nikaomba uamuzi mmoja, kwa tarehe maalumu, na nakala ikaenda kwa mhandisi mshauri wa mradi, kama mkataba unavyotaka. Siku ya tatu jibu likaja, na valvu zikabadilishwa.

Lakini tabia ya kuficha haikubadilika. Karatasi si hirizi. Roger Boisjoly, mhandisi wa kampuni ya Morton Thiokol huko Marekani, aliwaandikia wakubwa wake tarehe 31 Julai 1985 kuwa mipira inayoziba maungio ya roketi inaweza kuleta maafa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, yeye na wenzake walipinga chombo cha Challenger kurushwa kwenye baridi. Wakubwa wakaamua kirushwe. Watu 7 wakafa. Hata hivyo, maandishi yake yaliisaidia tume ya uchunguzi kujua nani alionywa, na lini.

Wenye familia mtaniuliza: na iqama je? Kweli, iqama ya mke na watoto inategemea kazi yangu, na ada ya skuli haingoji. Kwa hiyo kabla ya kupaza sauti nilikaa na mke wangu, tukahesabu akiba itatufikisha wapi. Pia tujue kuwa tangu 2020 Qatar imeondoa sharti la ruhusa ya mwajiri kwa anayehamia kazi nyengine. Unatoa notisi: mwezi mmoja kama hujazidi miaka miwili kazini, miezi miwili kama umezidi. Nami miezi michache baadaye nikatoa yangu.

Basi kama una kijana nyumbani anayeanza kazi hizi, mwambie mambo matatu. Aandike kwa tarehe na hesabu, bila matusi. Ampelekee mwenye mamlaka ya kuamua. Na asitie saini jaribio ambalo hakuliona kwa macho yake, hata mudiri akisimama pembeni na kalamu mkononi.