Mafuta ya Majani, Mikrobi na Kitovu cha Mtoto

Wamama wengi wanaokuja siku ya kupima watoto wanatuuliza: majani ya kalitusi, mchaichai, karafuu, ni kweli vinaua mikrobi? Ndiyo, mafuta yake yanaua. Lakini sikilizeni vizuri yanaua namna gani.

Mama, fikicha jani la kalitusi mkononi. Harufu kali inayotoka ndiyo mafuta yenyewe. Mti unayatengeneza kwa kujikinga na wadudu. Katika mafuta ya karafuu mna kitu kinachoitwa eujenoli. Kinatoboa ngozi nyembamba ya mikrobi, vya ndani vinamwagika, nayo inakufa. Waganga wa meno wanachanganya eujenoli na unga wa zinki kwa kuziba jino kwa muda.

Shida ni hii: mafuta na maji hayapatani. Tia mawese katika kikombe cha maji, utaona yanaelea juu. Mikrobi inapenda mahali penye majimaji, basi mafuta hayaifikii vizuri. Kwa hiyo wataalamu wanatia kitu kinachofanya kazi kama sabuni, halafu wanakoroga kwa mashine ya nguvu mpaka mafuta yavunjike kuwa matone madogo ajabu. Unywele mmoja ni mnene kuliko tone lile mara mamia. Hiyo inaitwa nanoemulsioni. Matone yanaenea katika maji yote na kuigusa mikrobi pande zote, na hivi mafuta kidogo yanaweza kufanya kazi kubwa. Inajaribiwa sana katika maabara, hata kwa kulinda vyakula visioze.

Lakini ile si chupa ya sokoni, wala si maji ya majani uliyochemsha kwako. Katika chupa ya sokoni hakuna aliyekupimia kitu. Mafuta matupu yanachoma ngozi ya mtoto. Akimeza hata kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya kalitusi au ya kafuri, anaweza kushikwa na degedege na kuzimia. Ya karafuu yanaweza kuharibu maini. Na puani mwa mtoto mchanga usipake kabisa, pumzi inaweza kumkatika. (Chai ya mchaichai unayokunywa wewe mama, hiyo hatukatazi.)

Sasa kitovu. Pemba, huko Tanzania, ni kisiwa cha karafuu, hata mafuta yake wanayatoa kule kwa mashine. Lakini watafiti waliofuata watoto wachanga zaidi ya 36,000 pale, toka 2011 mpaka 2014, hawakupaka karafuu. Wengine walipakwa dawa ya kloreksidini, wengine kitovu chao kiliachwa kikavu. Vifo havikutofautiana sana.

Basi: nawa mikono na sabuni, kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kikae kikavu na wazi. Usitie mafuta, majivu, mate wala majani. Kama hospitali imekupa kloreksidini, paka ulivyoelezwa, na isifike machoni, inayaharibu. Mama mwenye mimba apate sindano ya tetanosi.

Ukiona wekundu kuzunguka kitovu, usaha, harufu mbaya, mwili wa moto au wa baridi sana, au mtoto anakataa ziwa, mlete saa ile ile. Hata usiku, usingoje kuche.