Kivuli Kwenye Pafu: Je, Ni Kansa Kweli?

Tunapowatembelea wagonjwa nyumbani tunakutana na jambo hili mara kwa mara. Mtu amepigwa picha ya kifua, akaambiwa kuna kivuli kwenye pafu, na kabla ya wiki kwisha jamaa wameshaanza kuzungumza habari ya kuuza ng'ombe. Wengine hukata tamaa, hawarudi tena hospitali. Tunawaomba: ngojeni kwanza. Picha huonyesha kivuli tu, haitaji jina la ugonjwa.

Hapa kwetu kivuli kama hicho chaweza kuwa TB, kwa hiyo makohozi yapimwe kwanza. Lakini yako pia magonjwa ya nadra yanayovimbisha pafu, nayo hufanana sana na kansa.

Sakoidosisi: Chembe za kinga ya mwili hujikusanya na kufanya vinundu kwenye mapafu na matezi. Chanzo chake hakijulikani, na hauambukizi. Wengi hupona, wengine hata bila dawa.

Ugonjwa wa Wegener (siku hizi una jina jingine refu la kitaalamu): Mishipa midogo ya damu huvimba. Mgonjwa hutokwa damu puani, hukohoa damu, na figo zaweza kuharibika. Ukicheleweshwa huua, ukitambuliwa mapema wengi hupata nafuu.

Kuna pia aina ya nimonia isiyosikia dawa za kawaida za kuua viini.

Dawa kubwa ya magonjwa haya ni prednisoloni, pengine pamoja na nyingine za kutuliza kinga ya mwili. Lakini jihadharini! Kama kumbe ni TB, prednisoloni peke yake yaweza kuizidisha. Usijinunulie dukani, na ukiandikiwa usiiache ghafla.

Ukweli hujulikanaje? Daktari hutoa kipande kidogo cha nyama ya pafu, kwa sindano au kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni, kikapimwa kwa darubini. Basi muulizeni daktari bila woga:

1. Je, makohozi yamepimwa?
2. Damu na mkojo je?
3. Kipande cha nyama kimepimwa, na majibu yanasemaje?

Na ikiwa ni kansa kweli, ni heri kujua mapema, matibabu yaanze. Ng'ombe asiuzwe kwa sababu ya kivuli. Auzwe, ikibidi, kwa ugonjwa unaojulikana jina.