Soseji za moto mdogo: Faida ipo, umeme ukikatika imekwenda

KIGOMA

Mama lishe wa Kigoma na Ujiji anayetaka kuongeza soseji kwenye meza yake, akizipika kwa sufuria ya umeme ya moto mdogo, anashauriwa kupiga hesabu mbili kabla ya kutoa mtaji: ya umeme na ya hasara.

Hesabu ya umeme ni nyepesi. Sufuria ya aina hiyo hutumia takriban wati 200. Ikiwaka saa sita imekula uniti 1.2. Kwa kiwango cha shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 430 kwa mlo wa watu kadhaa, na mpishi yuko huru kuuza chai wakati chakula kinaiva.

Soko nalo lipo, hasa mwezi unapoandama kuelekea mpevu. Wavuvi wa dagaa na migebuka huvutia samaki kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, mitumbwi mingi hupumzika na bei kwenye mialo kama Kibirizi na Katonga hupanda. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Siku kama hizo kitoweo mbadala hupata mnunuzi.

Tatizo ni hesabu ya pili. Mgebuka uliokaushwa kwa moshi husubiri mteja bila jokofu. Soseji mbichi haisubiri. Ikisafirishwa kutoka Dar es Salaam, reli peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200, na barafu ikiyeyuka njiani mzigo umeharibika kabla ya kufika sokoni.

Hatari iko hata jikoni. Umeme ukikatika kwa zaidi ya saa mbili wakati nyama haijaiva, chakula hicho ni cha kumwaga. Chukua mfano wa sufuria iliyogharimu shilingi 20,000 na kuuzwa shilingi 25,000. Faida ni shilingi 5,000. Ikimwagwa moja, faida ya sufuria nne imekwenda nayo.

Kwa anayeamua kuingia, taratibu ni hizi. Soseji ziyeyushwe barafu kwanza ndani ya jokofu, zikaangwe kidogo hadi zibadilike rangi, kisha ziwekwe pamoja na vitunguu, nyanya na viazi. Mawese kidogo yataleta ladha ya nyumbani. Mfuniko usifunuliwe kila mara, kwani joto linalotoka huchukua muda kurudi.

Anayependa kuchanganya na maharage ya Kasulu au Kibondo asiyatie mabichi. Maharage mekundu yana sumu ambayo moto mdogo hauimalizi. Yalowekwe, maji yamwagwe, yachemshwe kwa moto mkali angalau dakika kumi, ndipo yaingie kwenye sufuria.

Jambo jingine ni mteja mwenyewe. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi. Swali la kwanza litakuwa soseji ni ya nyama gani na imechinjwa na nani. Muuzaji awe na jibu, na karatasi ya kiwanda mkononi.

Anayeanza aanze na sufuria moja, anunue soseji za siku mbili tu, na aweke mkaa wa akiba kando. Migebuka ibaki mezani.