Tela la magunia, chandarua cha shule na likizo ya Ziwa Nyasa

Mara ya kwanza tulipoteremka Mbamba Bay na watoto, tulitumia fedha nyingi kuliko tulizopanga, na bado tukasahau kitu ambacho tayari tulikuwa nacho nyumbani, kimekunjwa kabatini. Kitu hicho ni chandarua.

Tulinunua hema jipya, viti vinne vya kukunja na boksi la barafu. Hema lilikuwa na wavu mlangoni, nikajiambia unatosha. Usiku wa kwanza zipu ikagoma, tukalala mlango ukiwa nusu wazi. Siku ya tisa baada ya kurudi Mbinga, mtoto wetu wa mwisho aliamka na homa. Ilikuwa Juni, na mzazi yeyote wa Mbinga anajua Juni ni mwezi wa baridi, mafua na kikohozi. Nikampa dawa ya kushusha homa na kumfunika blanketi zito. Jioni ya siku ya pili alikuwa hawezi hata kukaa. Zahanati walipima, ikawa malaria, na mhudumu akaniuliza swali moja tu: mlisafiri? Alilazwa siku tatu. Gharama ya matibabu na ya kukaa naye wodini ilikaribia bei ya lile hema.

Mzazi mwenzangu, ukumbuke kwamba sisi tunaishi milimani. Ziwa liko chini, mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, kuna joto na mbu. Ukirudi nyumbani, homa yoyote ndani ya wiki kadhaa ipimwe siku hiyo hiyo, na mwambie mhudumu kwamba mtoto alilala ziwani.

Tulikaa mwaka mzima bila kutaja safari. Kisha watoto wakaanza tena, maana tangu lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ikamilike, kila mwenzao shuleni ana hadithi ya mchanga na maji. Barabara yenyewe haifiki kilomita 70. Nikakubali, kwa sharti kwamba safari hii hatununui kitu kabla ya kupekua nyumba.

Fedha kwanza. Pesa ya kahawa haifai kutegemewa kwa likizo. Inachelewa, na ikiingia ina wenyewe: ada, mbolea, deni la dukani, mchango wa harusi. Tuliweka Sh 10,000 kila Jumamosi kwenye kibubu kuanzia Januari. Kwa wiki 22 zikawa Sh 220,000. Kulikuwa na Jumamosi mbili hatukuweka, tukafidia kwa kuacha soda na chipsi za jioni. Kwenye simu ingekuwa rahisi zaidi, lakini najijua, fedha ya kwenye simu naitoa.

Tukapekua nyumba. Vyandarua viwili tulivipata bure: kimoja cha kliniki, kingine mwanetu alipewa shuleni. Mpango wa kugawa vyandarua shuleni ulianza mwaka 2013 katika mikoa ya Lindi, Mtwara na hii yetu ya Ruvuma, kwa hiyo nyumba nyingi hapa zina cha ziada. Angalia kama kina matundu, shona. Cha duara ndicho rahisi safarini, kinahitaji kamba moja na tawi moja. Cha pembe nne kinataka sehemu nne za kufunga.

Hema lenye zipu mbovu tuliliuza. Badala yake shemeji alituazima pikapu na tela lake dogo la kubebea magunia. Nasikia wenzetu wa Afrika Kusini huvuta karavani zenye vitanda na jiko. Sisi tulitandika magodoro mawili ndani ya tela, mume wangu akapinda fito za mianzi kama paa la mkokoteni, juu tukafunga turubai, ndani tukaning'iniza chandarua. Watoto watatu walilala humo, juu ya mchanga na unyevu. Sisi wawili tulilala chini ya turubai la pili lililofungwa ubavuni.

Mkitaka kuiga, zingatieni haya. Mtelemko wa kwenda ziwani una kona nyingi, na tela husukuma gari kwa nyuma. Fundi akague matairi, taa na mahali tela linapofungwa kwenye gari, kisha teremkeni kwa gia ndogo bila kuning'inia kwenye breki. Mizigo mizito ikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kamwe isikae nyuma kabisa. Mtoto asipande kwenye tela likiwa linatembea, hata mita 10. Likisimama, zuia magurudumu kwa mawe na uweke nguzo mbele na nyuma. Sisi tulisahau ya nyuma, na mtoto mkubwa alipoketi ukingoni, tela likainuka mbele kama pembea.

Tulivyonunua ni vichache: taa ya sola, ndoo mbili zenye mifuniko, vidonge vya kutibu maji, pakiti za ORS, na kamba, kamba nyingi. Mambo za hema hazishiki kwenye mchanga, na miezi hii upepo wa kusini-mashariki hupiga kweli. Tulijaza mchanga kwenye viroba vitupu vya unga, tukavifukia na kuvifungia kamba. Turubai halikutikisika.

Chakula tulibeba kutoka nyumbani. Maharage niliyachemsha kabla, nikaokoa mkaa wa siku mbili. Samaki tulinunua ufukweni, ila usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mkienda mbalamwezi, mtapata wachache na bei itapanda. Angalieni kalenda.

Kabla ya kufunga hata kamba moja, tulienda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mzee mmoja tuliyemkuta pale, baada ya shikamoo, alitaka kujua tumeegesha wapi. Nilipomwonyesha, akasema, "Hapana, mwanangu, kale kamto kana mamba." Tukahamia karibu na nyumba ya wageni, tukalipia kutumia choo na bafu. Ilikuwa nafuu kuliko vyumba viwili, na usiku kulikuwa na mlinzi.

Kuhusu kuogelea, nilikuwa mkali. Kichocho kipo ziwani, na konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Watoto waliingia penye mawimbi na mchanga mtupu, walitoka mapema na kujifuta. Hiyo inapunguza hatari tu, haiondoi. Baada ya wiki 8 tuliwapeleka kupimwa mkojo na kinyesi.

Tulilala siku tatu, tukarudi na Sh 31,000. Hakuna aliyeugua. Fedha hizo zimebaki kwenye kibubu, na sasa mume wangu anataka kununua mpira mnene wa kufunika tela. Mimi nataka taa ya pili, maana ile moja ilikuwa kila mara iko chooni.