Mawese, sombe na afya ya moyo: chungu kimoja kwa nyumba nzima

Katika nyumba nyingi za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndiyo lugha ya barazani na sokoni, chakula cha mchana hutambulika kwa rangi yake kabla ya kuonjwa. Maharage, sombe, lengalenga na ndagala huungwa kwa mawese, mafuta mekundu yatokanayo na michikichi ya Rumonge na ya ukanda wa Ziwa Tanganyika. Siku za Idi na za harusi huongezwa pilau ya nyama na bokoboko lililomiminiwa samli.

Chakula hicho ni urithi, na hakuna anayetaka kuuacha. Hata hivyo, mzee wa nyumba anaporudi kutoka hospitali na karatasi inayosema kwamba mafuta yamezidi katika damu yake, swali huzuka jikoni: je, mama apike vyungu viwili, kimoja cha mgonjwa na kingine cha watoto? Kwa familia yenye kipato kidogo, jambo hilo halimkiniki. Habari njema ni kwamba mara nyingi chungu kimoja chatosha, mradi mpishi ajue kiasi cha mafuta na kinachoandamana nayo sahanini.

Kinachopimwa katika damu

Lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, si sumu. Mwili huihitaji ili kujenga kuta za seli, kutengeneza homoni na kutengeneza nyongo, na sehemu kubwa ya lehemu hiyo hutengenezwa na ini lenyewe. Husafirishwa katika damu ndani ya chembe ndogo. Zile ziitwazo LDL zikiwa nyingi kwa miaka mingi, hupenya katika kuta za mishipa na kuacha utando unaoifanya iwe myembamba. Utando huo ukipasuka, damu huganda, na matokeo huwa shambulio la moyo au kiharusi. Chembe za HDL, kwa upande wake, husaidia kurudisha lehemu kwenye ini. Aina ya tatu inayopimwa ni trigliseridi, ambazo hupanda hasa kwa sukari nyingi, pombe na unene.

Kwa kawaida, lehemu yote kwa jumla hutakiwa iwe chini ya miligramu 200 katika desilita moja ya damu, na trigliseridi chini ya 150. Maabara zinazotumia gramu kwa lita huandika viwango hivyohivyo kuwa 2 na 1.5. Hatari iliyopo ni kwamba mafuta yakizidi katika damu hayaumi wala hayatoi dalili. Mtu aweza kukaa nayo miaka 20 akijiona mzima.

Mawese: sifa na dosari

Wauzaji husema kwamba mawese hayana lehemu, na wanasema kweli, kwa sababu lehemu hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama tu. Lakini ukweli huo haumalizi habari. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda kwa urahisi, sawa na yale yaliyomo katika samli na shahamu ya nyama. Mafuta hayo yanapoliwa kwa wingi, ini hupunguza milango yake ya kupokea LDL, na chembe hizo hubaki zikizunguka katika damu. Kwa hiyo mafuta yasiyo na lehemu yaweza kuipandisha lehemu ya mlaji.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Rangi nyekundu ya mawese hutokana na karotini, ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Kwa mtoto mdogo, vitamini hiyo huyalinda macho na huimarisha kinga dhidi ya maradhi. Kumnyima mtoto mawese kwa sababu babu yake ana ugonjwa wa moyo ni kumtibu asiyeumwa. Tena, faida hiyo hupotea pale mpishi anapoyachoma mafuta mpaka rangi ikatoweka, kama ilivyo desturi katika baadhi ya nyumba. Karotini huharibika, ilhali mafuta yenye kuganda hubaki palepale.

Hesabu ya chupa

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta yenye kuganda yasizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu huipata kwa siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2000, kiasi hicho ni kama gramu 22. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina gramu zipatazo 7 za mafuta hayo, na kijiko cha samli kina gramu zipatazo 8. Vijiko vitatu vya mawese, basi, hukaribia kumaliza haki ya siku nzima kabla ya nyama, maziwa wala sambusa kuhesabiwa.

Kwa kuwa watu hula kutoka chungu kimoja, ni rahisi zaidi kuihesabu chupa kuliko vijiko. Chukua mfano wa familia ya watu 6 inayonunua chupa ya nusu lita. Chupa hiyo ikiisha kwa siku 2, kila mmoja amepata wastani wa gramu 19 za mafuta yenye kuganda kwa siku kutoka kwenye mawese peke yake. Ikidumu siku 4, kiasi hicho hushuka chini ya gramu 10. Ladha haikutoweka, mfuko umepata nafuu, na mzee hakutengwa na wenziwe.

Mbona mababu hawakuugua?

Hoja hii husikika kila mara mashauri ya namna hii yanapotolewa, nayo yastahili jibu. Katika miaka ya 1960, daktari wa Marekani George Mann na wenzake waliwachunguza Wamasai wa Tanganyika, ambao chakula chao kikuu kilikuwa maziwa na nyama. Walikuta lehemu yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache. Lakini uchunguzi wa maiti uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba kuta za mishipa yao zilikuwa na utando wa mafuta, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana kiasi cha kutozibika. Watu hao walikuwa wakitembea mwendo mrefu kila siku nyuma ya mifugo yao.

Mkazi wa mjini anayeshinda dukani ameketi, akarudi nyumbani kwa pikipiki na kunywa soda jioni, amerithi chungu cha mababu bila kurithi miguu yao. Wengi wa mababu hao, zaidi ya hayo, hawakupimwa. Aliyeanguka ghafla shambani alizikwa, na sababu haikuandikwa popote.

Namna ya kupika

Hatua ya kwanza ni kuyatia mawese mwishoni mwa mapishi badala ya mwanzoni. Sombe iliyotwangwa na kuchemshwa vya kutosha, ikiungwa kwa vitunguu na nyanya, huhitaji mafuta kidogo tu ili ipate rangi na harufu yake. Sehemu ya mawese yaweza kubadilishwa kwa karanga zilizosagwa, kwani mafuta ya karanga kwa sehemu kubwa si ya aina inayoganda.

Hatua ya pili ni kuyapa maharage heshima yake. Nyuzinyuzi za maharage hunasa nyongo tumboni na kutoka nayo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na ili kufanya hivyo huchota lehemu iliyo katika damu. Sahani ya maharage yenye mawese machache, pamoja na mboga za majani, ni chakula cha kuulinda moyo.

Samaki wa ziwa, kama mukeke na ndagala, ni bora kuliko nyama yenye shahamu, hasa wakichemshwa au wakichomwa. Wakikaangwa katika mafuta yaliyotumika mara nyingi, faida yao hupungua. Ndagala waliokaushwa kwa chumvi waoshwe kabla ya kupikwa, kwa kuwa chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Siagi ngumu za viwandani nazo zichunguzwe: baadhi yake zina mafuta yaliyogandishwa kwa njia ya kemikali, ambayo hupandisha LDL na kushusha HDL kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe sokoni.

Ama pilau na bokoboko, siku yake na ifurahiwe. Sherehe moja haizibi mshipa. Yanayodhuru ni mapishi ya sherehe yanapogeuzwa kuwa ya kila siku.

Nani awe na hadhari zaidi

Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, mvutaji wa sigara, na yule ambaye mzazi au ndugu yake alipatwa na shambulio la moyo kabla ya uzee, hao wapimwe mapema. Wapo pia waliozaliwa na hitilafu ya kurithi, ambao LDL yao hubaki juu hata wakila kwa uangalifu mkubwa. Kwao chakula peke yake hakitoshi, nao huhitaji vidonge. Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiiache kwa sababu karatasi ya safari hii inaonyesha nafuu, kwani mara nyingi nafuu hiyo imeletwa na dawa yenyewe. Akiona dawa inamsumbua, arudi kwa daktari aliyemwandikia.

Kwa waliobaki, chupa ya mawese iliyo jikoni ni kipimo kizuri cha kuanzia. Iandikwe tarehe siku inapofunguliwa, na nyumba itajua imedumu siku ngapi.