Komredi, Rusha Picha ya Karatasi

Machi 15, 2020, Uhuru Kenyatta, prezo wa wakati huo, alitangaza shule zinafungwa juu ya Korona. Wasee wa kampo wakapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20 wahepe. Wengi walidhani ni wiki mbili hivi, wakaacha vitabu hosteli, wakadandia mat hadi ocha na kabegi kamoja. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na klasi za kalkulasi zikahamia kwa simu.

Sasa, kuna masomo unaweza skiza ukiwa umelala. Hesabu inakataa. Lec akiandika kwa ubao, unaona mkono wake ukisita, anafuta, anarudi nyuma, na hapo ndio akili inashika. Kwa Zoom alikuwa anasukuma slaidi zishamalizwa: swali juu, jibu chini, katikati hakuna kitu. Na saa moja ya video inaweza meza MB 500, wakati mathe ako sokoni hajauza hata fungu moja la nyanya.

Penye makomredi walijiokoa ni kwa grupu za WhatsApp, na hawajawahi pewa heshima yao. Msee anachapa swali kwa karatasi, anapiga picha, anarusha. Bando hata haishtuki. Cheki hii: onyesha limiti ya 3x + 1, x ikikaribia 2, ni 7. Dem fresha anatuma kazi, amefanya delta iwe sawa na epsiloni. Picha inarudi na duara nyekundu, na sauti imerekodiwa chini: "Manze, toa 7 kwa 3x + 1, unabaki na 3(x − 2). Hiyo 3 ndio inakuangusha. Umbali ukizidishwa mara 3 lazima ukae chini ya epsiloni, so delta ni epsiloni gawa kwa 3."

Mtu ameona karatasi yako, ameona penye ulipotelea. Hiyo, slaidi haiwezi.

Hata baluni za kampuni ya Loon zilianza kurusha intaneti Kenya Julai 2020, lakini Januari 2021 kampuni ikatangaza inafunga. Grupu zilibaki. Kulikuwa na machali walikuwa wanaonekana huko jioni tu, juu simu ni ya buda na kafyu ndio ilikuwa inamrudisha home. Walikuwa wanapata maswali mia yamepita, na bado kuna mtu anawaanzishia upya, pole pole, bila kuchoka.

Mitihani ya online ndio ilikuwa ngori kabisa. Chagua A, B, C ama D. Mtu ametoa kurasa mbili za pruvu safi, amekosea alama ya kutoa mstari wa mwisho, anapewa sufuri kama mwenye alikisia. Hiyo haikuwa haki, na kuna klasi za online bado zinafanya hivyo. Lec, simu inageuza karatasi kuwa PDF fasta. Waache watume kazi ya mkono, toa maksi za njia, na uwaongeze nusu saa ya kupakia.